Gari Ndani ya Eda

Tarehe 9 Machi 1954, siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, mume wangu alifariki kwa homa nyumbani kwetu Temeke. Alizikwa alasiri ileile. Mimi sikuliona kaburi lake, maana mwanamke aliyefiwa na mume huingia eda papo hapo, na kwa miezi minne na siku kumi havuki mlango wa ua wake ila kwa dharura kubwa. Nilibaki ndani na mtoto wetu wa kike, aliyekuwa bado ananyonya, pamoja na mama mkwe wangu, na gari.

Gari lilikuwa ndani ya ua kwa sababu marehemu, alipoanza kutetemeka kwa homa, alilirudisha mapema, akaliingiza mpaka karibu na jiko, akalizima, akaenda kulala. Hakuliwasha tena. Baada ya mazishi wanaume walikuja kuiziba ile sehemu ya ua ambayo gari lilikuwa likipitia. Walisimika miti, wakaishonea makuti mapya, ili nikae kwa heshima nisionwe na wapita njia. Tukafungiwa pamoja, mimi na gari.

Nayaandika haya kwa sababu nimesikia yakisimuliwa vingine. Wapo wanaosema fundi aliingizwa kwa siri. Wapo wanaosema marehemu alinijia ndotoni akanionyesha la kufanya. Hakuna fundi aliyeingia. Na ndoto sikuota, ingawa nilizingoja sana.

Mume wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye ghala. Gari lile lilikuwa la tajiri huyo, dogo, jeusi, la tangu kabla ya vita. Tajiri alipolichoka lilitupwa nyuma ya ghala, kuku wakawa wanatagia kwenye viti. Mume wangu akaliomba, akapewa, akalisukuma na wenzake kutoka huko mpaka Temeke huku watoto wakiwafuata kwa vigelegele. Alilihangaikia mwaka mzima likawaka. Akaacha kazi ya tajiri, akawa mtu wa teksi: wagonjwa, maharusi, wafanyabiashara wa Kariakoo wenye magunia yao.

Kuendesha sikujua na sijui mpaka leo. Lakini kila asubuhi, kabla hajatoka, alikuwa anafungua boneti na kuniita nije. Sababu yake ilikuwa mkono wangu. Yeye alikuwa na mikono mipana, na kisanduku cha fyuzi cha gari lile kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya mabomba, mahali ambapo mkono wake ulikwama kwenye kifundo. Wangu ulipita. Basi nikiwa nimeinama pale, hakuacha kunisemesha. Maji ya rejeta, angalia kabla injini haijapata moto. Oili, futa kijiti kwanza, kitumbukize tena, ndipo usome. Mkanda wa feni, ubonyeze kwa kidole, usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Betri, fungua vifuniko, maji yafunike vibati vyake. Nilijibu “ndiyo” huku nawaza uji ulioko jikoni. Sikujua kwamba nasomeshwa.

Arobaini ilipokwisha, shemeji yangu alikuja. Huyu ni mdogo wa marehemu, alikuwa kuli bandarini. Hakuweza kuingia ndani, kwa kuwa shemeji naye ni mwanamume kama wanaume wengine mbele ya mwenye eda. Alisimama nje ya makuti akapiga hodi.

“Karibu, lakini karibu yako iishie hapohapo,” mama yake alimjibu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Shemeji, hujambo humo ndani?”

“Sijambo,” nikasema.

“Nimekuja kwa habari ya gari. Nimempata mtu wa vyuma vikuukuu. Analichukua kama lilivyo.”

“Lilivyo vipi?”

“Si limekufa, shemeji! Halijatembea tangu msiba, mvua inalipiga, panya wanalala ndani. Lile ni bati. Tukizidi kukawia hata bati halitabaki. Kesho anakuja na watu wake, tutafungua hapa kidogo, tutalivuta, tutafunga.”

Nilikuwa nimempakata mtoto. Nilimlaza kwenye mkeka ili nisije nikamshtua.

“Mwambie angoje nitoke eda.”

“Lakini gari haliko eda!”

“Gari liko ndani ya ua, na ua huu ndio eda yangu. Atakayeng'oa kuti moja ajue amekuja kunifunua uso.”

Upande wa pili wa makuti kulikuwa na jirani yetu, muuza vitumbua, ambaye alikuwa hapitwi na neno. Akaangua kicheko. “Hee, makubwa! Na gari nalo limefiwa! Basi livalisheni nyeupe!”

“We mwanamke, haya si yako,” shemeji akamfokea.

“Yangu yapi basi, baba? Umepayuka barabarani, sie tuzibe masikio?”

Mama mkwe akasimama akaenda mpaka kwenye makuti. “Nenda, mwanangu. Anayosema shemeji yako ni sawa. Waliofunga ua huu ni nyinyi wenyewe wanaume. Sasa mnataka muufungue kwa ajili ya chuma?”

Akaenda, lakini hakuyaacha. Alikwenda kwa baba mkubwa wao, aliyekuwa ndiye msemaji wa ukoo, na baba mkubwa akaamua hivi: ua usiguswe mpaka nitoke. Siku ya kutoka, gari likiwaka, taa zikawaka, honi ikalia, kiasi kwamba askari wa barabarani hawezi kulizuia, basi ni riziki ya mtoto, litatafutiwa dereva. Likishindwa, ni chuma, na chuma kitauzwa kila mrithi apate haki yake. Shemeji alikubali hapohapo. Mama mkwe, aliyeniletea habari, alisema mwanawe alikubali huku akicheka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba fundi hawezi kuingia kwangu mpaka siku ile, na gari lisiloguswa kwa miezi minne haliwaki.

Sikumchukia. Alikuwa na watoto wake wanaokula. Lakini kicheko kile kilinikaa. Tangu msiba nilikuwa naamka kwa sababu mtoto analia. Kesho yake niliamka mwenyewe.

Nilifungua boneti. Kofia ya marehemu ilikuwa kwenye kiti cha dereva, nikaiacha ilivyo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Alinitazama nikipandisha mikono ya nguo yangu nyeupe.

“Mwenye eda hashiki manukato,” akasema.

“Najua, mama.”

“Hapaki wanja, hajipaki hina.”

“Najua.”

Akakuna kidogo. “Oili ya gari sijasikia ikikatazwa.” Akainuka akaniletea kaniki kuukuu nijifunge juu ya ile nyeupe.

Betri ilikuwa imeota ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa vyake. Nilifanya kama nilivyoona ikifanywa: nilichemsha maji, nikatia magadi, nikamimina kidogo kidogo, povu likapanda na kuuondoa uchafu wote. Nikasugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka vichwa vikang'aa, nikavipaka mafuta ya mgando ya mtoto. Lakini nilipofungua vifuniko nikakuta ndani maji yameshuka, vibati vimetokeza juu vikiwa vikavu.

Hapa ndipo magari mengi ya Temeke yalipofia. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kila anayeishi huku anaijua ladha yake kwenye chai. Watu walikuwa wanaona betri imekauka, wanachota kisimani, wanajaza, na baada ya miezi michache wanalaumu betri. Marehemu alipoteza betri moja hivyo kabla hajaambiwa. Toka hapo alikuwa anatumia maji ya mvua, tena si ya kutiririka kwenye bati wala kwenye makuti, bali yaliyodondoka kutoka mbinguni moja kwa moja. Masika ilikuwa imeshika. Nikaosha bakuli la udongo la kulia wali, nikalisuuza mara nyingi, nikaliweka juu ya kinu katikati ya ua, mvua ikinyesha nakaa mlangoni kulilinda kuku wasilikaribie.

Jirani akachungulia kwenye tundu la makuti. “Shoga, unafanya dawa?”

“Nakinga maji.”

“Ya nini, na mapipa yamejaa?”

“Ya gari.”

“Basi gari lenu linakunywa maji safi kuliko mimi.”

Betri ikapata maji. Kulikuwa bado na petroli kwenye tangi na nyingine kwenye debe. Ilibaki kuwasha, na kwa betri iliyolala vile kuwasha kulitaka hendeli, kile chuma kilichopinda unachokichomeka mbele ya gari na kuzungusha. Nilikuwa sijawahi. Nilichokuwa najua ni onyo moja: kidole gumba kisiizunguke hendeli, kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini inaweza kukurudishia mkono ikakuvunja. Na uvute kwenda juu, usisukume chini. Nilimwona rafiki mmoja wa marehemu alivyovunjika. Mkono wake haukunyooka tena.

Ilikuwa Ramadhani imeingia. Nilimlaza mtoto, nikasema bismillahi, nikavuta. Haikuzunguka. Nikavuta tena, ikazunguka nusu, ikakohoa. Nilivuta asubuhi ile mpaka nikatapika, na sikuwa na kitu tumboni cha kutapika. Nilikaa chini nikaegemea gurudumu nikamwambia marehemu maneno mabaya. Nilimwambia kwamba amenitupa. Siyaondoi maneno hayo hapa, kwa sababu niliyasema, na mama mkwe aliyasikia, naye alikuwa mama yake. Hakunikemea. Alisema, “Kesho vuta baada ya kupumzika.”

Kesho yake iliwaka. Ilitoa moshi mweusi ukajaa jikoni, gari likatikisika zima, kuku wakapaa juu ya paa. Niliposikia ule mlio nililia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa furaha. Niliiacha iungurume ili betri ijijaze, kisha nikaizima. Kuanzia hapo nilikuwa nawasha kila baada ya siku chache, mchana, wazi. Waliosema walisema. Mwanamke mmoja alinitumia maneno kwamba nyumba ya msiba haifai kuunguruma kama kinu cha mashine. Nilimrudishia maneno kwamba kwake atakapofiwa nitakuja kumnyamazia.

Lakini taa hazikuwaka, na honi haikulia.

Gari letu lilikuwa na fyuzi mbili tu. Ya chini ilikuwa ya vitu vinavyofanya kazi ufunguo ukigeuzwa, na hiyo ilikuwa nzima. Ya juu ilikuwa ya taa na honi. Fyuzi ni kichupa kidogo cha kioo chenye waya mwembamba ndani. Umeme ukizidi, waya ule unakatika kwanza ili mengine yasiungue, na ukikitazama kichupa kwenye mwanga unaona kama umekatika. Niliingiza mkono nyuma ya mabomba, nikaitoa ya juu. Ilikuwa imefungwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, nayo kwa unyevu wa mvua ilikuwa imeliwa na kutu, haipitishi tena umeme.

Madereva wa teksi wote walikuwa wakifanya hivyo. Fyuzi ikikatika njiani, unaizungushia karatasi ya sigara, taa zinarudi, unaendelea na abiria wako. Mume wangu aliwacheka kwa jambo hilo mbele yangu. Aliniambia kwamba anayefunga fyuzi kwa karatasi ni sawa na mtu anayemziba mdomo mlinzi ili alale vizuri. Na alikuwa ameifunga yeye mwenyewe, maana mkono wangu haukuifunga. Aliitia kwa koleo, nadhani, alama za koleo zilikuwepo. Hakuniita.

Najua kwamba marehemu hasemwi. Nimeambiwa hivyo na wengi. Lakini nilimpenda alivyokuwa, na alivyokuwa ni pamoja na karatasi ile. Nikimsimulia bila hiyo nitakuwa namlilia mtu mwingine.

Ndani ya kifuniko cha kisanduku kulikuwa na fyuzi mbili za akiba. Nikaondoa ile ya karatasi, nikatia moja mpya. Kabla hata sijabonyeza honi nilisikia kitu kidogo, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Fyuzi ilikuwa imekatika. Ikabaki moja, na dukani nisingeweza kwenda, na shemeji nisingemwagiza.

Siku hiyo sikugusa tena kitu. Nilipika futari, nikafuturu, nikaswali, nikalala na swali lilelile: karatasi ilikuwa inaficha nini?

Katika sanduku lake la spana kulikuwa na kitaa cha kupimia, balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Nilikuwa nimemwona akikitumia. Unaitoa fyuzi, unakiweka kitaa mahali pake, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Kama vitu vyote vimezimwa na kitaa kinawaka kwa nguvu, basi kuna waya unaogusa mwili wa gari mahali fulani, umeme unavuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hapo unachomoa nyaya moja moja. Ukichomoa mmoja na kitaa kikazimika, huo ndio wenye makosa.

Nilimpa mama mkwe kitaa akitazame, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeinama.

“Kinawaka?”

“Kinawaka.”

Nikachomoa wa taa za mbele. “Na sasa?”

“Kinawaka.”

Wa taa za nyuma. “Sasa?”

“Mwanangu, kinawaka, kinaniumiza macho.”

Wa honi.

“Mama?”

“Kimelala,” akasema kwa sauti ya chini, kama anayemzungumzia mtoto.

Niliufuata waya wa honi kwa vidole. Ulikuwa unapita kwenye tundu la ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya dereva, na mpira wa lile tundu ulikuwa umeoza ukaanguka. Ukingo wa bati ulikuwa umeukata waya polepole, mpaka shaba ikawa nje. Pembeni yake, waya uliobeba taa ulikuwa umebabuka, umekuwa mweusi. Karatasi ya sigara, ilipokuwa mpya, isingekatika kama fyuzi. Safari moja ndefu ya usiku na gari lile lingeshika moto, yeye akiwa ndani na watu wa watu. Nilisimama pale nikiwa nimeushika waya ule muda mrefu. Homa ilimchukua kwanza. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, na sikujua siku ile.

Tyubu ya baiskeli ilikuwepo. Nikaikata vipande, nikavizungushia waya, nikafunga kwa uzi wa kushonea magunia, kipande kingine nikakipachika kwenye tundu mahali pa ule mpira uliooza. Nikarudisha nyaya. Kitaa hakikuwaka. Ndipo nikatia fyuzi ya mwisho. Nikawasha taa: zikawaka, zote. Nikabonyeza honi.

Ililia. Nikaondoa kidole, ikaendelea kulia.

Ilikuwa baada ya alasiri, mwezi wa Ramadhani, watu wamelala na swaumu zao. Honi ile ilikuwa na sauti ya mbuzi anayechinjwa asife. Nilikipiga kitufe, nikakivuta, haikunyamaza. Mtoto akaanza kulia, mbwa wa mtaa wakaanza. Nje ya makuti nikasikia miguu.

“Nani amegongwa?”

“Hakuna! Ni mwenye eda anapiga honi!”

“Astaghfirullahi!”

“Mwacheni, labda anamwita abiria,” jirani wa vitumbua akapaza sauti, watu wakacheka, wengine wakakemea.

Nilikumbuka betri. Nikakimbia mbele, nikalegeza kichwa kimoja, nikakichomoa. Honi ikanyamaza. Katika kimya kile mwanamume mmoja alisema kwa ukali, “Bibi, humo ndani kuna msiba au kuna gereji?”

Nilikaribia makuti, sikujificha nyuma ya mama mkwe. “Kuna msiba,” nikamjibu. “Na kuna gari la marehemu. Na kuna mtoto wake. Vyote ni vyangu kuvitunza. Kama mlio umekuudhi, niwie radhi kwa mlio. Kwa mengine sikuombi.”

Jirani akasema, “Haya, mmesikia. Nendeni mkangoje magharibi.”

Kumbe kibati cha shaba chini ya kitufe kilikuwa kimepinda, kikigusa hakiachii. Nilikinyoosha kwa bisibisi. Fyuzi ilistahimili yote hayo. Niliitazama kwenye mwanga, waya wake ulikuwa mzima.

Eda yangu ilikwisha katikati ya Julai. Alfajiri niliogeshwa, nikavua nyeupe, nikavaa kanga nyingine. Baada ya chai walikuja: baba mkubwa na fimbo yake, shemeji, rafiki mmoja wa marehemu aliyekuwa dereva wa teksi, na mtu wa vyuma vikuukuu, na mkokoteni wake na kamba na vijana wawili wa kuvuta. Huyu wa vyuma aliukanyaga ukingo wa gurudumu la gari letu kwa kiatu, kama mtu anayejaribu godoro.

Dereva aliingia, akageuza ufunguo, akavuta kifundo cha stata. Ikatoa mlio mmoja wa kuchoka. Akavuta tena, hakuna kitu.

“Mnaona,” shemeji akasema. Hakusema kwa dhihaka. Nafikiri alikuwa amechoka kungoja.

“Kwa hendeli,” nikasema.

Dereva akashuka, akazungusha. Alizungusha mpaka kanzu ikamlowa mgongoni. Injini ikawa inazunguka kama kinu kitupu. Mtu wa vyuma akaanza kukunjua kamba yake.

“Mzee,” nikamwambia baba mkubwa, “niruhusu.”

“Wewe?”

“Mimi.”

Alinitazama, kisha akatazama kando, akasema, “Eda imekwisha. Sina la kukuzuia.”

Nilinusa. Petroli ilikuwa imejaa kupita kiasi, dereva alikuwa amevuta choki yote, kile kifundo kinachozidisha petroli, na gari lile lilikuwa halitaki choki yote. Nikairudisha nusu, nikafungua kidogo kishikio cha petroli, nikashika hendeli, kidole gumba upande mmoja na vingine. Wanaume wote walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa nimetoka eda saa ile. Nikavuta. Haikushika. Nikavuta tena. Haikushika. Nikamsikia mtu wa vyuma anasema, “Bibi, utajiumiza.” Nikavuta mara ya tatu, ikashika.

Hakuna aliyepiga vigelegele isipokuwa jirani, naye alipiga kwa watu wote. Dereva aliingia haraka akakanyaga petroli ili injini isizimike, akawasha taa, akapiga honi, ikalia ikanyamaza. Baba mkubwa alizunguka gari, akaziangalia taa za mbele na za nyuma, akiinama kwa shida. Akarudi akasimama mbele ya shemeji.

“Limewaka,” akasema.

“Nimeona,” shemeji akasema. Akaniangalia, mara ya kwanza tangu kaka yake afe. “Nani amelitengeneza?”

“Mimi.”

“Hapana, shemeji. Sema kweli, sina ugomvi tena.”

“Mimi. Muulize mama yako aliyenishikia kitaa.”

Mama mkwe hakungoja kuulizwa. “Yeye,” akasema. “Na wewe nenda ukashike ule mti wa mwanzo, uung'oe. Mlifunga nyinyi, fungueni nyinyi.”

Shemeji aliung'oa. Aling'oa na wa pili, na dereva wa teksi akashika wa tatu. Makuti yalianguka nje kwa pamoja na vumbi lake, barabara ikaonekana, na watu waliokuwa wamesimama upande wa pili. Mtu wa vyuma alifunga kamba yake kwenye mkokoteni akaondoka na vijana wake bila kuaga. Gari likarudi nyuma polepole likitoka uani, mimi nikilifuata kwa miguu nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, mpaka barabarani. Macho yangu yaliumia kwa jua la uwanda ule ambao sikuwa nimeuona tangu Machi.

“Ingia, shemeji,” akasema yule shemeji yangu, akanifungulia mlango wa nyuma.

Nikaingia, mama mkwe akaingia, shemeji akabaki na baba mkubwa. Dereva alisema atalizungusha kidogo tu alisikilize. Tulipofika Barabara ya Kilwa, mwanamume mmoja mwenye kapu la samaki alisimama ukingoni akainua mkono.

Dereva akaniangalia kwenye kioo. “Dada, nimpite?”

“Simama,” nikamwambia.

Akasimama. Yule mtu akauliza kama gari linakwenda Kariakoo, nikamwambia linakwenda. Akapanda mbele na kapu lake magotini, kwa sababu nyuma tulikuwa tumekaa sisi.